Jiwe la Alasiri

Alipokwisha kula mkate wa shayiri na tini mbili, Shipti alikanda udongo kwa maji yaliyooshewa vyombo, akaupandisha juu ya paa la mdogo wake kwa kikapu, akaziba pale palipotoboka jana. Aliufanya mnene kiasi cha viganja viwili. Kisha akashuka, akaketi chini ya paa hilo hilo na kusubiri. Jua lilipovuka lango la Soari, jiwe la kiberiti lenye ukubwa wa ngumi lilishuka kutoka mbinguni likiwaka. Likatua kwenye udongo mbichi kwa mlio kama wa nyama inayotiwa kwenye mafuta. Harufu ya mayai viza ikaingia chumbani. Mtoto akapiga chafya.

"Limeshaanguka?" Nuraya aliuliza kutoka uani.

"Limeshaanguka."

"Basi njoo unisaidie kusaga."

Hivyo ndivyo zilivyokwenda alasiri zote tangu siku ile miji minne ya bondeni ilipoteketea. Shipti alikuwa mtu wa Sodoma, kwa kuzaliwa na kwa kuolewa. Siku mbili kabla ya moto alikuwa amefunga safari kuja Soari kumhudumia mdogo wake, aliyekuwa karibu kujifungua. Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, na kabla kitovu hakijakatwa, anga upande wa kaskazini likawa kama mdomo wa tanuri. Sodoma ikaenda, na Gomora, na Adma, na Seboimu. Soari ikaachwa. Ilisemekana kwamba mzee mmoja aliyekuwa akikimbia na binti zake aliuombea mji huo kwa sababu ulikuwa karibu, na miguu yake ilikuwa imechoka. Alisema ni mji mdogo tu. Watu wa Soari walilipenda sana neno hilo. "Sisi ni wadogo," waliambiana, na kwa namna walivyolitamka ungedhani wamesema sisi ni wema.

Mume wa Shipti alibaki kule, na mama mkwe, na wanawe wawili waliokwisha ota ndevu. Moto wao uliwakuta nyumbani. Wa Shipti haukumkuta, basi ukawa unamfuata, kidogo kidogo, jiwe moja kwa siku. Jambo hili halikuhitaji kuelezwa. Lilifahamika tangu siku ya pili.

Kutoka nje ya mji asingeweza, maana Soari ilikuwa na sheria yake: mgeni mwenye paa ni mkazi, na mgeni asiye na paa hana lango, haingii wala hakai. Shipti aliishi kwa paa la mdogo wake. Akitoka tu kwenda kukaa jangwani saa ile ya jiwe, mlinzi angemwona ni mgeni mpya, na wageni wapya hawakuwa wakiingizwa. Uani napo hapakukalika. Yadinu, mume wa Nuraya, alikuwa mwuza lami. Aliiokota katika ziwa la chumvi ikielea mapande mapande, akaiyeyusha na kuipanga uani katika mitungi, kwa ajili ya watu wanaoziba mashua na mapipa. Mitungi ishirini na minne, mingine bila vifuniko.

Wanawake waliokwenda kuchota maji walimzoea. Walikuwa wakimtania akipita.

"Haya, pisheni, jiko hilo!"

"Bibi wee, leo pitia kwangu, kuni zimeniishia."

"Mwacheni. Akikasirika atakohoa cheche."

Shipti alitabasamu pale palipotakiwa tabasamu. Jioni alimbeba mtoto, akamwimbia nyimbo za Sodoma kwa sauti ya chini, kwa kuwa Nuraya, aliyeletwa Soari akiwa mdogo, alikwisha zisahau, na hapakuwa tena na mtu mwingine mjini aliyezijua, na mtoto hakuwa na njia ya kujua ni za wapi.

Mwezi wa tano jiwe lilipiga ukingo wa paa, likapasuka, na kipande chake kikaruka hadi kwenye mtungi. Walizima kwa mchanga. Yadinu alipoteza mitungi mitatu, pamoja na nusu ya ndevu zake. Hakupiga kelele. Aliketi kizingitini, akajipapasa shavu lililokuwa limebaki wazi.

"Shemeji," alisema, "mimi na wewe hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na hilo jiwe."

"Najua, shemeji."

"Lingekuwa linakuja bila wewe, ningelifukuza lenyewe."

Nuraya alilia, lakini alikunja blanketi la dada yake huku akilia, akalifunga kwa kamba vizuri.

Shauri lilipelekwa kwa Zimrida, mkuu wa wazee wa lango. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, aliyependa kumshika mkono mtu anayezungumza naye. Alimshika Shipti mkono.

"Binti yangu, Soari si mji wa kufukuza watu. Kwa Bittaya kuna nafasi. Utakaa kwa Bittaya."

Bittaya alikuwa mjane kutoka milima ya mashariki. Marehemu mumewe, mtu wa Soari, alitumia miaka kumi na mmoja kuchonga mwamba chini ya ua wake hadi akapata kisima cha kuhifadhi mvua. Katika mji ambao maji mengine yote yalikuwa na ladha ya ziwa, ya kwake yalikuwa baridi na matamu. Wazee walikuwa wamekitaka kisima kile tangu mchongaji alipozikwa. Nyumba ilikuwa na paa la mianzi mikavu iliyofika umri wa mwenye nyumba. Kila mtu aliyesikia uamuzi wa Zimrida aliuelewa, na Shipti pia aliuelewa. Alichukua blanketi lake akaenda.

Bittaya alimpokea mlangoni, mikono kiunoni. Alikuwa mfupi, mwenye meno makubwa, na nyuma yake alisimama mbuzi mmoja mweupe akitafuna upindo wa nguo yake.

"Wewe ndiye wa jiwe."

"Ndimi."

"Huja saa ngapi?"

"Jua likivuka lango."

"Na hufuata paa, au hukufuata wewe?"

Shipti alifikiri. "Sijui. Siku zote nimekuwa ndani."

"Miezi mitano! Enyi watu wa bondeni!" Bittaya alicheka hadi mbuzi akaachia nguo. "Nenda ukae hapo uani. Hapa ni mawe matupu, hakuna kitakachoungua ila wewe."

Shipti akaketi kwenye kigoda katikati ya ua, akainua uso. Saa ilipofika aliona nukta ya manjano juu kabisa, ndogo kama punje ya mtama, kisha kama dengu, kisha kama tende.

"Linakuja," alisema.

"Basi inuka, mama! Unangoja likusalimie?"

Akainuka, akasogea hatua sita. Jiwe likashuka, likavunja kigoda, likabaki pale likiungua kwa mwali wa buluu. Bittaya aliukagua moto ule kwa muda, akaleta mafiga matatu, akayapanga kuuzunguka, akateleka chungu cha dengu.

Walikula dengu zile wakiwa wamekaa chini, kwa sababu kigoda hakikuwepo tena. Zilikuwa na harufu kidogo. Bittaya alisema amekula vibaya zaidi harusini kwake.

Siku zilizofuata zikawa nyepesi. Shipti aliweka alama ya mkaa mahali pa kuketi. Jiwe lilipoonekana aliinuka bila haraka, kama mtu anayempisha mwenzake. Waliokoa kuni. Walipika, walichemsha maji ya kufulia, siku moja walichoma mkate juu ya bamba la jiwe na Bittaya akauita mkate wa mbinguni. Alikuwa mwongeaji. Alizungumza na mbuzi, na kisima, na marehemu, na baada ya juma moja akawa anazungumza na Shipti kuliko wote hao.

Jioni walipanda ukutani kuangalia bonde. Kulikuwa kumebaki majivu na chumvi, na kando ya barabara nguzo moja ya chumvi yenye mabega ya mwanamke. Shipti alimfahamu. Walikuwa majirani. Alikuwa na kawaida ya kusimama vile vile, kiuno kimegeuka, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni.

"Habari za jioni, jirani," Shipti alimwambia kutoka ukutani. Nguzo haikujibu, na yeye hakutarajia jibu.

"Kule kwenu," Bittaya aliuliza siku moja, "mlifanya nini hasa? Watu husema mengi."

Shipti alitema kokwa ya zeituni kiganjani.

"Palikuwa na msichana," alisema. "Alimpa mpita njia mkate. Wazee wakamfungia nje ya nyumba ya kwao, wakatangaza asipewe kitu. Alikaa uwanjani siku nne. Mimi nyumba yangu ilitazama uwanja."

"Ukafanya nini?"

"Nilifuma. Nilikuwa na kitambaa cha kumaliza."

Bittaya alimsogezea lile bakuli la zeituni walilokuwa wakila, na Shipti akachukua moja. Tangu moto ushuke, hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari za msichana yule, na usiku huo alilala bila kuamka.

Zikapita siku arobaini. Zimrida alipita njia ile mara kwa mara, akatazama paa la mianzi lililokuwa zima, akasalimu kwa upole, akaenda zake. Siku ya arobaini na moja, asubuhi, alikuja Nuraya na mtoto mgongoni.

Dada wawili walikaa uani. Bittaya alikuwa akimkamua mbuzi upande wa pili wa ukuta, wakamsikia akimtukana mbuzi kwa mapenzi. Nuraya alimteremsha mtoto, naye akatambaa juu ya mawe hadi kwenye mguu wa Shipti, akaushika.

"Anatambaa," Shipti alisema.

"Tangu juzi. Dada, Mzee Zimrida alikuja nyumbani."

"Nilidhani hivyo."

"Anasema siku moja tu. Alasiri moja ukae ndani, basi. Baada ya hapo wazee watasimama langoni watangaze kwamba wewe ni mtu wa Soari, sawa na aliyezaliwa hapa. Na Yadinu amekubali. Atakutengea kile chumba cha nyuma, mitungi ataihamisha."

"Na Bittaya?"

Nuraya aliokota majani makavu kutoka kwenye nywele za mtoto, jani moja moja.

"Bittaya ana kwao," alisema. "Milimani wako ndugu zake, wako kaka zake, ataenda atapokewa. Wewe dada, kwenu ni wapi?"

Mtoto alikuwa amekikamata kidole gumba cha mguu wa Shipti na sasa alikuwa akijaribu kukila.

"Nakuomba," Nuraya alisema. "Yadinu ananiambia nikusahau, nami siwezi. Kila alasiri nasikia lile jiwe, hata kutoka kule nyumbani nalisikia, nahesabu mpaka lishuke, najiuliza kama umeinuka. Nimechoka kuhesabu."

Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Mchana Bittaya alimtia mbuzi kamba. Ilikuwa siku ya kumpeleka nje kulamba chumvi. Aliweza kutoka na kurudi kwa kuwa alikuwa na paa.

"Nakwenda kwa jirani yako," alisema. "Nimpe salamu?"

"Mpe."

"Umekunja uso. Unaumwa?"

"Joto tu."

"Teka maji unywe. Kisima ni chako pia, usikae unakitazama kama mkwe." Akaenda, mbuzi nyuma yake.

Shipti alikaa kwanza kwenye alama yake ya mkaa. Alikaa hapo mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni. Kisha akainuka, akaingia ndani, akaanza kutoa vitu. Alitoa mkeka, na mito miwili, na chungu kikubwa na vidogo vitatu. Akatoa jiwe la kusagia, ambalo lilikuwa zito na ilibidi alivingirishe. Akaitoa patasi ya marehemu iliyokuwa ukutani, akaifuta vumbi. Alivipanga vyote kando ya kisima kwa mstari ulionyooka, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Blanketi lake mwenyewe alilisahau ndani.

Halafu aliingia, akaketi katikati ya chumba kilichokuwa kitupu, mikono magotini.

Alilisikia likija. Ndani ya nyumba ilikuwa sauti ya kupumua. Mianzi ilishika moto mara moja, yote kwa pamoja, kwa mwanga mzuri. Shipti alitoka mlangoni kabla boriti haijaanguka, akasimama karibu na vitu alivyovipanga. Majirani walikuwa tayari mlangoni na ndoo za mchanga, kwa ajili ya nyumba zao. Hakuna aliyemwaga hata chembe juu ya moto ule. Nyumba iliungua mpaka ikawa kuta nne.

Bittaya alirudi moshi ukiwa bado unatoka. Alisimama mlangoni, akaitazama nyumba, halafu akaangalia ule mstari kando ya kisima. Aliangalia mstari muda mrefu kuliko nyumba.

"Vitu vyangu umevitoa," alisema.

"Nimevitoa."

"Na patasi."

"Nayo."

"Na jiwe la kusagia? Peke yako?"

"Nililivingirisha."

Bittaya akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na kuikuta ile ile aliyoidhania. "Ulikuwa na muda," alisema.

Shipti alitaka kumtajia mtoto anayetambaa. Akainama, akakisogeza chungu kimoja kikae sawa kwenye mstari.

Zimrida alifika na wazee wawili. Alimpa Bittaya pole kwa kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema ni msiba wa mji mzima. Alisema, kwa masikitiko, kwamba mgeni asiye na paa hana lango, kwamba sheria hiyo aliikuta, hakuitunga yeye, na kwamba mji utakitunza kisima kwa heshima ya aliyekichonga. Bittaya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga patasi na chungu kimoja ndani ya mkeka, akajitwika.

"Dengu ziko kwenye chungu cha pili," alimwambia Shipti. "Zilowekwe kwanza. Wewe huwa huziloweki." Akamvuta mbuzi.

Shipti alipanda ukutani akamtazama. Alimwona akipita majivu, mbuzi akasimama kwenye nguzo kulamba, Bittaya akamngoja amalize. Hakugeuka. Wakashika njia ya mashariki, na baadaye ikawa si rahisi kujua yupi ni mbuzi na lipi ni jiwe jeupe la mlimani.

Siku ya pili yake wazee walisimama langoni wakatangaza kwamba Shipti ni mtu wa Soari. Walimpa mkate na chumvi, akala mbele yao. Yadinu alikuwa amekwisha hamisha mitungi. Alasiri Shipti alikaa katika chumba cha nyuma, udongo mbichi umekwisha pakwa juu, Nuraya akimshika mkono. Jua likavuka lango. Wakasubiri. Mtoto alilala, akaamka, akanyonya. Kivuli kikajaa ua mzima.

Jiwe halikuja.

Halikuja siku iliyofuata, wala ile iliyofuata. Zimrida alikuja mwenyewe kumpongeza.

"Umeona, binti yangu? Mbingu nazo zimekubali."

Mji ulifurahi. Wanawake waliacha kumtania, wakaanza kumwita mama mkubwa. Walimwuliza namna ya kufuma zile pindo za Sodoma, sasa kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuzipata. Nuraya aliacha kuhesabu, akanenepa. Shipti alimlea mtoto, alisaga, alipika. Dengu aliziloweka.

Mchana wenye joto alikwenda kuchota maji kama wenzake katika ua ule wenye kuta nne zilizoungua. Mlinzi aliwekwa hapo asiingie mgeni. Shipti hakuulizwa kitu. Aliweka mtungi chini, akaenda mahali palipokuwa na alama ya mkaa, iliyokwisha futika kwa nyayo za watu, akaketi juu ya mawe, uso ameuinua. Alikaa hapo kila alasiri. Mwanzoni watu walidhani anapumzika. Baadaye walizoea, wakawa wanapita pembeni yake na ndoo zao. Alikuwa ameamua tangu siku ya kwanza kwamba safari hii hatainuka.

Anga lilikuwa safi. Lilikaa safi mwaka ule na uliofuata. Siku nyingine alidhani ameona nukta juu kabisa, ndogo kama punje ya mtama, na moyo ukamwenda mbio, akanyoosha mgongo. Ilikuwa ni tai.

Alasiri moja, miaka mingi baadaye, Zimrida, ambaye sasa alikuwa mzee sana na akitembea kwa kushikwa, alimkuta pale akamhurumia. Aliagiza achotewe maji. Mlinzi akateremsha ndoo katika giza la kisima, akaipandisha, akajaza kikombe cha udongo, akampa.

"Kunywa, binti yangu," Zimrida alisema. "Jua kali."

Shipti alikipokea kwa mikono miwili. Aliangalia juu mara moja tena, kwa muda wa kuhesabu hadi saba. Kisha akanywa. Maji yalikuwa baridi, matamu, hayana ladha ya ziwa hata kidogo, na alikuwa na kiu, akayamaliza yote.